Pimbi Yuko Ukurasa wa Ngapi?

Kila asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kenya, Kihara hufungua kibanda chake kando ya barabara pale Naro Moru. Hutundika makoti mazito kwenye misumari. Huegemeza fimbo za kutembelea ukutani, ndefu upande mmoja, fupi upande mwingine. Kisha hupanga viatu vya kupandia mlima juu ya benchi, jozi baada ya jozi, na kungoja wageni wa kuvikodi.

Zamani Kihara mwenyewe alikuwa mpagazi wa mlima, au pota, kama watu wa Naro Moru wanavyosema. Alibeba mizigo ya wageni hadi karibu na barafu. Siku moja goti lake la kulia liliteguka kwenye mawe, na tangu hapo hakuweza kupanda tena. Sasa wengine hupanda, naye huwakodisha viatu.

Viatu vikirudi, husafishwa na binti yake, Ngendo. Ngendo alimaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Husugua matope kwa bidii, lakini akipata nafasi kidogo tu, huchukua penseli na kuchora. Huchora nyuma ya kalenda za zamani, kwa sababu karatasi zake ni nzito na nyeupe.

"Ngendo, hicho kiatu umekiosha ama umekichora?" baba yake humuuliza.

"Vyote viwili, Baba."

Asubuhi moja ya manyunyu, hapakuwa na mgeni hata mmoja. Kihara akaanza kusimulia habari za pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa manyoya. Ni mnene kama sungura, lakini masikio yake ni mafupi na mkia wake hauonekani. Huishi kati ya mawe, juu kabisa mlimani, na huota jua asubuhi kama mzee aliyestaafu. Katika hadithi ya Kihara, pimbi mmoja aliokota buti jekundu la mgeni. Panya alitaka liwe ghala. Ndege alitaka liwe kiota. Pimbi alitaka liwe kitanda. Waligombana, wakapatana, na mwishowe wote wakalisukuma buti hadi njiani ili mwenyewe alipate.

Ngendo alichukua penseli. Alichora tu. Juma lile lilipoisha, hadithi yote ilikuwa nyuma ya kalenda, kuanzia buti kuanguka hadi buti kurudi.

Mama yake, Phyllis, alirudi kutoka kupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika. Aliweka mtungi chini, akazitazama picha moja moja.

"Baba Ngendo, njoo uone," aliita. "Hii si michoro tu. Hii ni kitabu."

Simu ya Kihara ililia wakati huohuo. Aliyepiga ni dada yake, Watiri, mwenye duka la mabati na misumari mjini Murang'a. Ngendo humwita Tata, yaani shangazi. Sauti yake ni kubwa, kwa hiyo wote walimsikia.

"Kihara, huyo msichana mlete hapa. Msaidizi wangu anaondoka mwisho wa mwezi wa nane. Nataka mtu mwaminifu."

"Tata, mimi nataka kutengeneza kitabu cha kidijitali," Ngendo alisema haraka. "Kitakaa kwa duka la mtandaoni. Watu watakinunua na kukisoma kwa simu."

"Watu gani?" Watiri alicheka. "Mimi nitanunua kwa sababu ni tata yako. Mama yako atanunua kwa sababu alikuzaa. Hiyo si kazi, hiyo ni mapenzi!"

Simu ilipokatika, Kihara alilisugua goti lake. Kisha akasema:

"Tata yako hajakosea sana. Lakini tufanye hivi. Mwezi wa nane ukiisha, na mtu mmoja tusiyemjua amenunua hii kitabu na kuipenda, utabaki hapa uchore. Asipopatikana, utaenda Murang'a."

"Mtu mmoja tu?" Ngendo aliruka kwa furaha.

"Mmoja tu. Lakini asiwe wa ukoo, asiwe wa kanisa letu, na asiwe wa vyama vya akiba vya mama yako."

"Wee! Kwa vyama vyangu?" alisema Phyllis. "Basi umeondoa Naro Moru yote."

*

Habari za kitabu zilimfikia Mwai, kaka mkubwa wa Kihara. Mwai amewahi kuwa mwenyekiti wa kamati za harusi, kamati za mazishi, kamati ya maji, na kamati ya kununua gitaa la kanisa. Alifika kibandani akiwa amevaa koti lake la mikutano.

"Nasikia mnatoa kitabu. Kamati iko wapi?"

"Hatuna kamati, Anko," alisema Ngendo.

"Ati hakuna kamati? Sasa hiyo kitabu itatoka aje? Itatembea peke yake?"

Jumapili, baada ya ibada, kamati iliundwa. Mwai alikuwa mwenyekiti. Dedan, fundi wa cherehani, alikuwa mweka hazina. Pasta Kahiga alikuwa mlezi. Watu walifurahi sana. Hakuna aliyewahi kuwa na kitabu dukani, na sasa Naro Moru ingekuwa na chake.

Kisha Mwai akaeleza jinsi kitabu kitakavyoanza.

"Mkutano hauanzi kabla wakubwa hawajatambuliwa," alisema. "Kitabu ni vilevile. Kwanza, salamu za mwenyekiti na picha yake. Pili, mweka hazina. Tatu, neno la Pasta. Halafu akina mama. Halafu historia fupi ya kamati."

"Na pimbi?" aliuliza Ngendo.

"Pimbi ndiye mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima huzungumza mwisho."

Watu walipiga makofi. Ngendo alihisi kwamba jambo haliko sawa, lakini hakujua alisemeje. Isitoshe, ni vigumu kumwambia mzee aliyekusaidia kwamba picha yake haitakiwi.

Ngendo aliendelea na kazi. Alizipiga picha kalenda zake kwa simu, zikiwa zimetandazwa kitandani. Alipiga pia picha za wanakamati wakiwa wamevaa nguo nzuri. Kwenye jalada, kamati iliomba mlima uwepo, kanisa liwepo, na wanakamati wote wawepo. Pimbi aliwekwa pembeni, mdogo kama punje ya mahindi. Kisha Ngendo akaenda kwenye duka la huduma za intaneti. Alifungua akaunti katika duka la vitabu la mtandaoni. Aliandika jina lake kamili, akajaza mahali malipo yatakapotumwa, akaweka bei, akakipakia kitabu.

Siku ya uzinduzi palikuwa na hema, soda, na keki yenye umbo la pimbi. Wanakamati walikinunua kitabu papo hapo kwa simu zao.

"Kitabu kimeenda dunia nzima!" Mwai alitangaza.

Lakini dunia nzima haikujibu. Kila siku Ngendo alifungua akaunti yake. Idadi ya wanunuzi ilikuwa ileile ya siku ya hema. Mwezi wa saba ukaisha. Mwezi wa nane ukaanza, na Watiri akapiga simu kusema kwamba aproni ya duka imeshashonwa.

"Amenishonea kwa kipimo gani?" Ngendo aliuliza kwa huzuni.

"Amekadiria," alisema Phyllis. Kisha akakumbuka jambo. "Yule Rehana wa Nyeri, aliyetengeneza kadi za harusi ya Wendy wa jirani, si yeye pia hutoa vitabu vya watoto? Mbona hatujamuuliza?"

*

Ofisi ya Rehana iko mjini Nyeri, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Rehana alisomea usanifu wa vitabu chuoni. Amechapisha vitabu vyake mwenyewe vya picha, na huwasaidia wengine wanaotaka kuanza. Ana kicheko cha karibu, na mezani kwake kila kitu kina mahali pake.

Waliokwenda ni Ngendo, baba yake, na Mwai. Hakuna aliyemwalika Mwai. Alisema mwenyekiti hawezi kukosa.

"Karibuni, Baba Ngendo. Karibu, Mzee. Shikamoo," alisema Rehana. Walipomweleza shida yao, alikitafuta kitabu kwa simu yake. Alitazama kidogo, akatabasamu, akamkabidhi Mwai simu.

"Mzee Mwai, kwa sasa wewe si mwenyekiti."

"Nimepinduliwa?"

"Kwa muda mfupi tu. Wewe ni babu mmoja wa Kitui. Hujawahi kufika Naro Moru. Mjukuu wako ana miaka sita na anataka hadithi. Umekiona kitabu hiki dukani. Utakinunua?"

"Mara moja!"

"Bila kukionja? Muuza machungwa hukukatia kipande kwanza. Duka la vitabu pia hukufungulia kurasa za mwanzo bure. Tunaziita kionjo. Mnunuzi husoma kionjo, kisha huamua. Haya, mwonjeshe mjukuu wako."

Mwai alivaa miwani. Akasogeza kidole.

"Huyu ni mimi," alisema kwa furaha. Akasogeza tena. "Huyu ni Dedan. Tai imepinda, na nilimwambia. Huyu ni Pasta. Hawa ni akina mama... wamependeza. Hii ni historia ya kamati. Huyu ni... mimi tena, nikikata keki siku ya gitaa la kanisa."

Alisogeza mara nyingine. Kioo cha simu kiliandika: *Mwisho wa kionjo. Nunua kitabu ili uendelee.*

"Imeisha?" aliuliza Mwai.

"Imeisha."

"Na pimbi yuko ukurasa wa ngapi?"

"Yuko mbele zaidi," alisema Rehana. "Kionjo hakimfikii."

Kihara aliziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilimponyoka. Mwai alimtazama ndugu yake kwa ukali. Kisha naye akaanza kucheka hadi miwani ikashuka puani.

"Yaani huyo mzee wa Kitui ameona tumbo langu mara mbili, na pimbi hajamwona hata mara moja?"

"Na mjukuu amelala," alisema Rehana.

Mwai alifuta machozi ya kicheko. Halafu uso wake ukawa mzito.

"Lakini Rehana, heshima je? Hawa watu walijitolea. Siwezi kuwafukuza kitabuni."

"Hutawafukuza, Mzee. Utawahamisha. Mkutanoni watu wameshaketi. Hata hotuba zikiwa ndefu, watangoja. Msomaji wa simu bado amesimama mlangoni. Akichoka, kidole chake husogea kidogo tu, naye ameenda. Kwa hiyo hadithi ianze mara moja. Shukrani ziwekwe mwisho. Aliyependa kitabu hufika mwisho, na hapo hupenda kujua ni nani walisaidia."

Mwai alifikiri. Aliitazama tena picha yake ya kwanza, ile ya suti.

"Peleka sisi mwisho," alisema polepole. "Na ile ya keki, toa kabisa."

Ngendo alipumua kwa nguvu. Lakini siku zilikuwa zimebaki chache.

"Dada Rehana, kitabu kimeshatoka. Tumechelewa?"

"Hapana. Huo ndio uzuri wake. Kitabu cha karatasi kikishachapishwa, kosa limekaa. Cha kidijitali unakirekebisha, kisha unapakia faili mpya mahali pa ile ya zamani. Tuna kazi, lakini inawezekana. Leta kalenda zako."

*

Rehana alikuza picha ya kwanza kwenye kompyuta. Pimbi alionekana amekaa juani. Mgongoni kwake palikuwa na doa kubwa jeusi.

"Hii nini?"

"Ni kivuli cha kichwa changu," Ngendo alikiri. "Niliinama nikipiga picha."

"Maskini pimbi, amebebeshwa kichwa cha binadamu! Sikiliza. Mchoro mzuri ukinakiliwa vibaya, msomaji ataona ubaya tu. Njia bora ni kuuskani, yaani kuunakili kwa mashine hadi kwenye kompyuta. Kama huna mashine, uweke mahali palipo sawa karibu na dirisha, mchana. Simu iwe juu yake moja kwa moja, isiinamie upande. Kivuli kisiingie. Na nakala ya kwanza, kubwa na safi, uihifadhi mahali pawili."

Walianza kuskani. Rangi zilitokea kama zilivyokuwa kwenye karatasi. Nyekundu ya buti iling'aa. Ngendo alishindwa kutulia kwenye kiti.

"Sasa maneno," aliendelea Rehana. "Umeyaandika kwa mkono ndani ya picha. Kwenye simu ndogo hayasomeki. Yatoe. Tutayapiga chapa kwa herufi kubwa, chini ya picha. Kila picha na maneno yake vitakaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, ili simu isivitenganishe. Hapa umeandika nini?"

Ngendo alisoma: "Pimbi aliona buti. Buti lilikuwa jekundu."

"Jekundu tumeliona. Picha imeshasema. Tuambie jambo ambalo picha haiwezi kulisema."

Ngendo aliitazama tena picha. Aliyejibu ni Kihara, kutoka kwenye kona.

"Lilinuka soksi ya juma zima."

Rehana alipiga meza kwa kiganja. "Hilo! Hilo ndilo la kuandika! Baba Ngendo, ulikuwa umejificha wapi?"

"Nimebeba mizigo ya wageni, mama. Hizo soksi nazijua."

Kutoka hapo, Kihara hakukaa tena kwenye kona. Alivuta kiti. Alisema jinsi upepo unavyopuliza kati ya mawe, jinsi pimbi anavyopiga kelele akiona tai, na jinsi miguu inavyozama kwenye matope ya njiani. Ngendo aliandika. Rehana alipunguza maneno. Kila walipopunguza, hadithi ilizidi kuwa hai.

Walipofika kwenye jalada, Rehana aliliweka lile la zamani kwenye kioo cha kompyuta, akalipunguza hadi likawa dogo kama kidole gumba.

"Dukani mnunuzi huliona hivi, kati ya mengine mengi. Mnaona nini?"

"Naona... watu wengi kama siku ya mnada," alisema Mwai.

"Jalada liwe na jambo moja. Pimbi mmoja, buti moja, jina la kitabu kwa herufi nene."

Ngendo alichora hapo hapo. Pimbi alichungulia kutoka ndani ya buti, macho yakiwa wazi kwa mshangao. Hata alipopunguzwa, alionekana.

"Jambo moja la mwisho kabla ya majina," alisema Rehana. "Hadithi ni ya nani? Michoro ni ya nani?"

"Ni ya nyumba yetu," alisema Kihara.

"Vizuri. Basi andikeni makubaliano mafupi na mtie sahihi, hata kama ni baba na mwana. Leo mnapendana na hamjagombana, na hiyo ndiyo siku nzuri ya kuandika. Mtu anayeshirikiana na mchoraji asiye wa nyumba yake ndiye anapaswa kuandika mapema zaidi. Na mkichukua picha au hadithi ya mtu mwingine, ombeni ruhusa kwanza. Kuikuta mtandaoni si ruhusa."

Aliandika majina kwenye jalada. *Hadithi: Kihara. Michoro: Ngendo.* Kihara alilitazama jina lake kwa muda mrefu.

"Mizigo yote niliyobeba," alisema kwa sauti ya chini, "ilikuwa na majina ya watu wengine."

Mwai alimgusa ndugu yake begani.

*

Ngendo alifanya kazi kwa moyo mkunjufu. Hakukipakia kitabu kwa haraka kama mara ya kwanza. Kwanza alikijaribu. Phyllis alikisoma kwa simu yake ndogo yenye ufa, akiwa amesimama juani.

"Herufi za ukurasa huu nazitafuta kama sindano," alisema. Ngendo akazikuza.

Kisha akawasomea watoto wa shule ya Jumapili. Mahali walipocheka, hakugusa. Mahali walipoanza kuchezea viatu vyao, alifupisha.

Maelezo ya kitabu kwenye duka la mtandaoni pia yalibadilishwa. Zamani yalisema: *Kitabu hiki kimeletwa kwenu na kamati.* Sasa yalisema: *Pimbi wa Mlima Kenya ameokota buti la mgeni. Kila mnyama analitaka. Je, watalifanyia nini? Hadithi ya picha kwa watoto wa miaka minne hadi minane.* Ngendo alichagua pia kundi la vitabu vya watoto, ili wanaotafuta hadithi za wanyama wakione. Mwisho wa kitabu, kabla ya shukrani, aliweka anwani yake ya barua pepe.

Alipomaliza, alibonyeza kitufe cha kuchapisha. Baada ya duka kuikagua faili, kitabu kipya kilichukua mahali pa kile cha zamani.

Mwai alikuwa na mpango tayari.

"Nimeiambia kamati yote iandike sifa za kitabu kwenye duka la mtandaoni. Kila mtu nyota tano. Dedan ataandika mara mbili, ana simu mbili."

Ngendo alimpigia Rehana simu.

"Mwambie Mzee aiache hiyo," alisema Rehana. "Maduka mengi hukataza sifa za ndugu na marafiki, na huziondoa. Na msomaji akizigundua, hatawaamini tena. Afanye jambo bora zaidi. Aonyeshe kionjo kwa watu. Tuma kiungo cha kitabu kwa walimu wa chekechea, kwa maktaba, kwa vikundi vya wazazi. Kionjo kijisifu chenyewe."

"Kwa vikundi?" Mwai aliposikia hivyo, macho yaling'aa. "Mimi niko kwa vikundi kila mahali! Kuna watu wa mazishi peke yake, wa kutoka Tetu hadi Meru!"

"Mazishi uyaache, Anko."

"Sawa. Nitaanza na wa harusi."

Siku zikapita. Kibanda kilifunguliwa na kufungwa. Viatu viliondoka safi na kurudi na matope. Zikabaki siku chache mwezi wa nane uishe. Phyllis aliosha nguo za Ngendo na kuzikunja, bila kusema ni za safari gani.

Ndipo asubuhi moja Ngendo akapiga kelele hata mbwa wa jirani wakabweka.

"Kimenunuliwa! Baba! Kimoja kimenunuliwa!"

Kihara alitoka mbio, akisahau goti. "Na nani?"

"Duka haliandiki jina."

"Basi labda ni Dedan. Ana simu mbili."

Mwai aliitwa. Aliketi kibandani na kuwapigia wanakamati wote, mmoja baada ya mwingine. "Sema ukweli, ni wewe umenunua pimbi? Hapana? Na mke wako? Muulize. Nangoja." Aliongea hadi sauti ikakwaruza. Mwishowe akaweka simu chini.

"Si wa kamati."

"Anaweza kuwa Watiri," alisema Kihara.

"Watiri?" alisema Phyllis. "Yeye tayari ametumia pesa yake kwa aproni."

Walingoja. Hata mgeni aliyekuja kukodi koti alielezwa habari yote, naye akangoja kidogo.

Siku iliyofuata, barua pepe iliingia. Ngendo aliisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili aliisoma kwa sauti.

*Habari zenu. Mimi ni Zuena, niko Garissa. Hapa kwetu ni joto, na mwanangu Hamdan hajawahi kuona barafu ila kwenye soda. Nilisoma kionjo nikacheka, nikanunua. Sasa ananiomba nikisome kila siku, na jana ameanza kunisomea mwenyewe. Ana swali. Mgeni alipopoteza buti, mguu wake haukupata baridi?*

Phyllis alipiga ngemi, vile vigelegele vinavyopigwa mtoto anapozaliwa. Majirani walitoka kuuliza ni mtoto wa nani. Mwai alimkumbatia Ngendo, kisha akaanza kucheza katikati ya viatu, koti lake la mikutano likipepea.

"Garissa!" alisema. "Huko sina kamati hata moja!"

Simu ya Kihara ililia. Alikuwa Watiri.

"Kihara, mwezi unaisha. Ngendo anafika siku gani?"

"Watiri, hiyo aproni mpe mtu mwingine. Ngendo ako kazini."

"Kazi gani? Na hizo kelele ni za nini?"

"Ni mwenyekiti. Anacheza."

"Anacheza nini?"

"Nunua kitabu, utajua. Sasa siwezi kuongea, kuna msomaji ananingoja."

Akakata simu. Akaketi kwenye benchi, kati ya jozi mbili za viatu, akanyoosha mguu wake wa kulia. Ngendo alikuwa ameshika simu tayari kuandika.

"Andika," alisema Kihara. "Hamdan, mguu ulipata baridi sana. Vidole vilikuwa kama mawe. Kwa hivyo yule pota alivua sweta yake, akaufunga ule mguu nayo, mara tatu, akafunga fundo. Halafu akambeba mgeni mgongoni mpaka kambini."

Ngendo aliacha kuandika. "Baba! Huyo pota ni wewe? Mbona hujawahi kutuambia?"

"Hakuna mtu aliwahi kuuliza," alisema Kihara. "Endelea kuandika. Mwambie sweta ilikuwa ya kijani."